Seli jirani inang'aa: peroksaidi imefika au rangi imevuja?

Mkuu, umeuliza kama mng'ao wa DCFH-DA (rangi inayong'aa ikioksidishwa) kwenye seli jirani unathibitisha kwamba haidrojeni peroksaidi imevuka kutoka seli uliyoichokoza. Hauthibitishi. DCFH, yaani umbo ambalo rangi hiyo hugeuka kuwa ndani ya seli, haioksidishwi na peroksaidi peke yake, inahitaji kichocheo kama chuma au kimeng'enya cha peroksidesi. Radikali yake nayo huzalisha peroksaidi nyingine ikikutana na oksijeni, na leza yenyewe huiwasha. Ndiyo maana unaona mng'ao hata kabla ya kuchokoza. Kwa swali hili, achana nayo.

Rangi za boroneti (zenye kundi la boroni linalomenyuka na peroksaidi) kama PF6-AM ni afadhali, ila humenyuka na peroksaidi polepole, ilhali peroksinitriti, kioksidishi kingine cha seli, huziwasha kwa kasi inayokaribia mara milioni. Zikishawaka hazizimi. Tena rangi ndogo yoyote inaweza kuvuja na kuingia seli ya pili, ukadhani ni ishara.

Weka kihisi cha protini, HyPer7, ndani ya seli pokezi (zile jirani) tu, kisha zichanganye na seli tumaji (zile unazochokoza) zisizo nacho. Protini haivuji kama rangi. Piga picha kwa leza ya nm 405 na 488, pokea karibu nm 516, chukua uwiano wa 488 kwa 405; peroksaidi huupandisha. Ukibaki na HyPer ya zamani, lazima uwe na SypHer pembeni, kihisi ndugu yake kinachohisi pH bali si peroksaidi, kwa sababu pH ikipanda uwiano hupanda bila peroksaidi yoyote.

Wakati wa kupiga picha, seli ziwe ndani ya mmumunyo wa chumvi wa Hanks wenye glukosi, usio na fenoli nyekundu wala piruveti. Piruveti humeza peroksaidi kimyakimya. Riboflavini (vitamini B2) ya midia ya kawaida ya kukuzia seli nayo huitengeneza ikipigwa mwanga.

Peroksaidi ya kupimia iandae siku hiyohiyo. Chupa ya 30% ina takriban M 9.8, ukiizimua mara 1,000, ufyonzaji wa mwanga kwenye nm 240 usome karibu 0.43 kwenye kyuveti ya sm 1. Ukisoma chini sana, chupa imechoka. Mwisho wa kila sahani ongeza peroksaidi µM 100, kisha DTT (kemikali inayorudisha kihisi katika hali isiyooksidishwa) mM 5, upate kilele na sakafu ya uwiano.

Jaribio la kuamua ni katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, yuniti 500 kwa mililita, nje ya seli; haipenyi utando. Sahani nyingine itie katalesi iliyochemshwa. Ishara ikifa kwa ile hai tu, peroksaidi ilipita nje. Isipokufa, usikimbilie kusema haikupita: seli zilizobanana huacha upenyo mwembamba ambao katalesi huenda isiufikie, kwa hiyo rudia zikiwa zimeachana kidogo.