Barua kwa mwanangu: mafungu saba ya dawa za Kichina

Mwanangu Salma,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili, na ile picha nimeikuza mpaka nikaona gazeti ulilotandika mezani. Unasema miezi miwili hukuingia mwezini, kisha mwezi huu umeingia mara mbili. Mwenye nyumba wako hapo Guangzhou akakupeleka kwa tabibu wa dawa za jadi, akakupima mapigo ya mkono, akakutazama ulimi, akakupa mafungu saba ya kuchemsha. Sasa unaniuliza mimi, mkunga mstaafu: "Mama, ninywe au nitupe?"

Usitupe. Lakini usinywe bado.

Ulichopewa nakijua. Madaktari wa Kichina wanakuja Unguja tangu 1964, wengi wao kutoka jimbo la Jiangsu, na mimi nimefanya nao kazi wodi ya wazazi. Baada ya kumzaa mdogo wako siku zangu zilivurugika kama zako, na daktari mmoja mwanamke wa timu yao akanichemshia dawa hiyo hiyo jikoni kwao. Alinikalisha kwenye mkeka akanifundisha kuitambua kwa macho na pua. Vipande vya rangi ya maziwa vyenye duara la kahawia katikati, vinavyonukia kama selari, hiyo ni danggui; ile inayosifiwa zaidi hulimwa jimbo la Gansu, kwenye baridi. Madonge meusi yanayonata vidoleni kama tende mbivu ni shudihuang, mzizi uliopikwa kwa mvuke tena na tena mpaka ukageuka rangi. Vipande vyeupe vigumu ni baishao, na vile vyenye umbo la kipepeo ni chuanxiong. Vinne hivyo pamoja huitwa si wu tang, supu ya vitu vinne. Wachina wanawapa wanawake supu hiyo kwa zaidi ya miaka 800.

Usidhani alikuuliza habari za usingizi na mitihani kwa kupiga soga. Kwao hedhi ikiwahi, huangalia kama mwili una joto au nguvu zimepungua. Ikichelewa, husema damu ni haba au baridi imeingia. Ikiwa mara inawahi mara inachelewa, mara nyingi hulitazama ini, kwa sababu katika elimu yao dhiki na hasira hukwama huko. Mimi sikusomeshwa hivyo, lakini siudharau utaratibu wa kumuuliza mwanamke maswali ishirini kabla ya kumpa dawa. Sun Simiao, tabibu wao wa karne ya 7, aliyatanguliza maradhi ya wanawake katika kitabu chake kikubwa. Majirani zao Wajapani wana dawa ya jamii hiyo waiitayo tokishakuyakusan. Huko daktari wa hospitali huiandika na bima ya taifa hulipa.

Hata hivyo, dawa kukaa miaka mingi si sawa na kuthibitishwa. Tafiti za dawa hizi ni nyingi, ila nyingi ni ndogo au hazikufanywa vizuri. Kwa wanawake wenye vivimbe vingi kwenye ovari, ambalo ni moja ya mambo yanayovuruga hedhi mara kwa mara, waliokusanya tafiti hizo hawakupata jibu la kutegemea.

Jambo ninalolikumbuka kuliko supu yenyewe ni hili. Yule daktari, kabla hajatia maji chunguni, alinitoboa kidole. Akakuta damu imepungua sana kwa sababu ya uzazi. Akanipa vidonge vya damu pamoja na supu, nikatumia vyote miezi mitatu, siku zikarudi. Mpaka leo siwezi kukwambia ni kipi kilichoniponya. Ninachojua ni kwamba alitafuta kwanza kilichoizuia hedhi.

Na nimeona pasipotafutwa. Bibi harusi mmoja aliletwa kwetu usiku, mweupe midomo, tumbo gumu. Alikuwa amekunywa dawa za kuchemsha wiki kadhaa "kurudisha damu", na kumbe mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Alipona, alhamdulillahi, lakini kwa kisu. Kwa hiyo, mwanangu, nakuuliza bila aibu na wewe unijibu au usinijibu, lakini kipimo cha mimba fanya kesho asubuhi. Katika picha yako kuna majani makavu yenye vijiti, yanafanana na yimucao. Hiyo hukaza mfuko wa uzazi, mwenye mimba haimfai hata kidogo.

Kisha nenda hospitali. Hapo China hospitali za tiba ya jadi zina maabara na altrasaundi, huhitaji kuchagua upande. Waombe wapime tezi ya shingoni, homoni ya maziwa, wingi wa damu, na waziangalie ovari. Na waambie umekonda. Picha za Idi nimeziona, mifupa ya shingo imejitokeza. Kukonda, kukesha na mawazo peke yake huweza kuizima hedhi. Mzunguko wa siku 21 hadi 35 usingenitia wasiwasi; huu wako unanitia.

Umwombe yule tabibu karatasi yenye majina yote ya vilivyomo. Majina huchanganya: mmea uitwao danggui Korea si ule wa China, na wa Japani ni mwingine tena. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wengi waliharibikiwa figo kwa vidonge vya kupunguza unene, kwa sababu mzizi mmoja wa Kichina ulibadilishwa na mwingine wenye jina la kufanana, wa jamii ya Aristolochia. Ukiona gancao kwenye karatasi, hiyo ni mizizi mitamu ambayo ikinywewa sana hupandisha presha, na presha kwetu ni ya ukoo. Danggui nayo haikai pamoja na dawa za kuyeyusha damu kama warfarini.

Majibu yakitoka safi na daktari akiona karatasi akakubali, kunywa, mama, sitakuzuia. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi, au pedi ikijaa kila saa, acha hapo hapo uende hospitali.

Nunua chungu cha udongo, usitumie sufuria ya alumini. Loweka fungu nusu saa katika maji baridi, chemsha kwa moto mdogo, chuja, ongeza maji uchemshe tena, kisha changanya maji ya mara mbili ugawe asubuhi na jioni. Dawa yenyewe ni kali ulimini, lakini usitie sukari kabla hujamuuliza tabibu. Kipimo cha asubuhi ukishakifanya nipigie, hata kama huku ni usiku. Simu nitalala nayo.

Mama yako