Kwa nini chanjo ya sindano isiwe tu matone ya puani

Umeuliza kwa nini chanjo ya sindano isidondoshwe tu puani, yaishe. Kikwazo ni kamasi. Ni wavu wa nyuzi zinazonata, na muda wote husukumwa kuelekea kooni tukaumeza. Protini ya chanjo ikinasa humo, inaishia tumboni kabla seli za kinga hazijaiona. Matone ya polio hufaulu kwa sababu yana virusi hai waliodhoofishwa, na hao njia wanaijua.

Chembe za nano, yaani vipande vidogo mno vinavyoweza kubeba chanjo, zinajaribu kupenya wavu huo. Mwaka 2007 kundi la Justin Hanes, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, lilizipaka chembe polietileni glikoli, polima (molekuli ndefu kama mnyororo) inayopenda maji na isiyonata. Kwenye ute wa ukeni, ambao nao ni wavu kama kamasi, zenye nanomita 200 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) zilisambaa polepole mara 6 tu kuliko majini. Za 500, mara 4. Ndiyo, kubwa ziliwashinda wadogo zao! Zisizopakwa zilikwama.

Ila wapo wanaofanya kinyume kabisa: wanatumia kaitosani, itokanayo na maganda ya kamba wa baharini, inate makusudi ili chanjo ikawie puani. Kwa pua, hata mimi ningeanzia hapo.