Maswali na majibu: Marumaru za sakafu ya bafu kwa mwenye nyumba anayejiwekea mwenyewe

Wasomaji saba wa Mwanza na visiwa vya Ziwa Viktoria wameniandikia kuhusu kuweka marumaru bafuni kwa mikono yao wenyewe. Bafu ni chumba kidogo, na mtu mwenye subira anaweza kulimaliza vizuri bila kumlipa fundi, ila lina masharti ambayo sebule haina, kwa sababu sakafu yake hukanyagwa na maji kabla ya kukanyagwa na miguu.

Fundi, shikamoo. Ninaishi Igoma. Dukani nimeona marumaru za maua mazuri kwa bei nafuu. Muuzaji anasema ni za ukutani, lakini sakafuni pia zinakaa. Nizichukue?

Marahaba. Usizichukue. Marumaru ya ukutani hutengenezwa iwe nyepesi, na kwa kawaida udongo wake hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, ilhali poseleni, yaani marumaru ngumu isiyopitisha maji kirahisi, hunywa asilimia 0.5 au chini ya hapo. Ukitaka kuona tofauti hiyo papo hapo, omba kipande kimoja kimoja, uvigeuze na udondoshe maji mgongoni: penye udongo laini doa la maji litazama mbele ya macho yako, na kwenye poseleni tone litabaki limekaa juu. Zaidi ya hayo, rangi ya juu ya marumaru ya ukutani haikuandaliwa kwa mchanga unaoingia na ndala, na baada ya miezi utaona njia ya miguu imechubuka kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo.

Chagua marumaru ya sakafu yenye uso uliofifia na mkwaruzo kidogo. Baadhi ya maboksi huandikwa kiwango cha kuzuia utelezi. Kwa bafu tafuta R10 au R11. Pasipo na maandishi hayo, lowesha kipande kwa maji ya sabuni, kiweke chini na ukisugue kwa kisigino kitupu; kisigino kikiteleza, kiache. Kabla ya kulipa, hakikisha maboksi yote yana namba moja ya rangi, kwa kuwa marumaru zenye jina moja zilizochomwa kwa awamu mbili huweza kutofautiana, na tofauti hiyo huonekana baada ya kuwekwa, wakati ambapo hakuna la kufanya.

Nimebakiwa na marumaru za sebuleni, sentimita 60 kwa 60, zinazong'aa. Zinatosha bafu langu hapa Nyegezi. Ni kosa kuzitumia?

Ni kosa, na nakusihi ulikwepe, hasa kama nyumbani kuna mzee au mtoto. Uso unaong'aa huteleza ukilowa. Tena sakafu ya bafu inapaswa kuinamia tundu la maji kwa sentimita 1 hadi 2 katika kila mita, na kipande kipana hakiwezi kufuata mwinamo unaotoka pande nne bila kukatwa kona kwa kona. Kipande cha sentimita 30 hufuata kwa urahisi, na mistari mingi kati ya vipande humpa mguu pa kushika.

Nyumba yangu iko mlimani, Isamilo. Sakafu ya bafu ina ufa mmoja ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Nikiweka marumaru juu yake si utakuwa umefichika?

Utafichika kwa muda, kisha utatokeza juu ukiwa umepasua marumaru zako mpya. Swali hili linawahusu watu wengi wa jiji hili la miamba. Nyumba nyingi za milimani hujengwa upande mmoja wa sakafu ukiwa umelala juu ya jabali na upande wa pili juu ya kifusi kilichomwagwa kusawazisha mteremko. Jabali halishuki, na kifusi ambacho hakikushindiliwa vya kutosha hushuka kidogo kidogo, hasa mvua zinapopitisha maji kati ya udongo na mwamba. Ufa hutokea pale viwili hivyo vinapokutana.

Kwanza jua kama ufa bado unatembea. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, uandike tarehe, kisha paka ukanda mwembamba wa plasta ukivuka ufa. Msimu wa mvua ukipita na plasta ikabaki nzima, ziba ufa na uendelee na kazi. Plasta ikikatika, vunja sakafu ya upande wa kifusi, ushindilie upya kwa tabaka za sentimita 15 kila moja, weka wavu wa chuma na umwage zege jipya. Najua gharama hiyo inaumiza, lakini kila shilingi utakayotia juu ya sakafu inayoshuka itashuka nayo. Katika hali zote mbili, panga marumaru ili mstari wa kiungo uangukie juu ya ule ufa, na mstari huo uujaze silikoni badala ya saruji nyeupe, kwa kuwa silikoni huvutika.

Bafu langu la Buhongwa ni mita 1.6 kwa 2.2. Nimepiga hesabu ya eneo na kuongeza asilimia 10, nikapata vipande 43 vya sentimita 30. Hesabu ni sahihi?

Hesabu ni sahihi, lakini vipande havitatosha ukipanga vizuri. Ukianzia ukutani na nafasi za milimita 3, upande wa mita 1.6 utaingiza vipande vitano vizima na kubakiza ukanda wa sentimita 8 na kitu. Ukanda mwembamba namna hiyo ni mgumu kukata, na huonyesha wazi kila mahali ambapo ukuta umepinda. Anzia katikati: weka vipande vinne vizima, na kila pembeni kipande cha takribani sentimita 19. Upande wa mita 2.2 nao utapata vipande sita vizima na pembeni sentimita 19 vilevile. Hiyo ni mistari 6 kwa 8, yaani vipande 48, kwa sababu sentimita 11 zinazobaki baada ya kila mkato hazifai mahali pengine. Ongeza vitano vya kuvunjika, nunua 53. Vipange vyote vikavu sakafuni kabla ya kuchanganya gundi, usimame mlangoni na utazame, kwani hapo ndipo kila mgeni atakaposimama.

Nina grainda, jirani yangu wa Kirumba ana mashine ya mkono ya kukatia marumaru. Nitumie ipi, na nitakataje duara la tundu la maji?

Tumia zote mbili. Kwa mikato iliyonyooka, mashine ya mkono ni safi zaidi na haitoi vumbi jingi. Pitisha gurudumu mara moja tu, kwa mkazo ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha bonyeza. Anayekwaruza mara mbili au tatu kwenye mstari uleule huharibu njia ya mpasuko, na kipande huvunjika kinavyotaka chenyewe.

Grainda ni ya kona na duara. Nunua diski ya almasi yenye ukingo mzima, kwa maana ile yenye mapengo ni ya zege na humegua kingo za marumaru. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya mstari, anza kwa mkwaruzo wa milimita moja au mbili upande wa rangi, ndipo urudie kwa kina. Ukikata umbo la kona ya ndani, toboa kwanza tundu dogo penye pembe, kwa sababu ufa hupenda kuanzia pale mikato miwili inapokutana. Kwa duara la tundu la maji au ukingo wa sinki la kuchuchumaa, chora duara, kata mistari mifupi iliyo karibu karibu kuelekea kwenye mchoro bila kuuvuka, vunja meno hayo kwa koleo, kisha lainisha kwa diski.

Kinga ya diski isitolewe kamwe, na miwani ivaliwe. Vumbi la marumaru lina silika, lilelile linalotoka katika kuponda kokoto za miamba yetu, na likiingia mapafuni hujenga makovu yasiyopona. Kitambaa puani hakitoshi. Tafuta barakoa ya vumbi laini. Kata nje, upepo wa ziwa ukipita kwa ubavu wako na kulipeleka vumbi mbali na watu. Usimwambie mtoto amwage maji kwenye grainda ya umeme ili kupunguza vumbi, kwani maji na waya huo huua.

Nikinunua marumaru Mwanza, nitazifikishaje Nansio, kisiwani Ukerewe, bila kuvunjika?

Maboksi yasimame kwa ubavu, yasilazwe, na yabanane yasicheze chomboni. Nunua boksi moja la ziada, kwa kuwa kufuata vipande viwili vilivyopungua ni safari nyingine ya ziwani. Yafungue palepale bandarini unapopokea.

Hapa Kisesa tuna bafu moja tu. Tutaoga lini?

Acha gundi ikae saa 24 bila kukanyagwa, ndipo ujaze nafasi kati ya marumaru. Pembe ambapo sakafu hukutana na ukuta zijazwe silikoni. Baada ya hapo ipe sakafu siku saba kabla ya kuimwagia maji ya kuoga, ingawa wengi hushindwa kusubiri ifikapo siku ya tatu. Zungumza na jirani mapema juu ya wiki hiyo, kabla hujachanganya gundi.