Lebo zinafutika na watoto wanajikuna: nichague zipi?

SWALI: Nashona magauni ya watoto na mashati ya pamba hapa Umoja, Nairobi. Nilichapisha lebo elfu moja za satini mjini. Nguo ikifuliwa mara tatu hivi, maandishi hayasomeki. Tena mama mmoja amenirudishia gauni, mtoto amejikuna shingo mpaka ikawa nyekundu. Nihamie lebo za kufumwa? Na nizishone vipi?

JIBU: Pole, fundi. Hayo ni matatizo mawili, na lebo ya kufumwa itakuondolea moja tu. La shingo inaweza hata kulizidisha.

Tuanze na maandishi. Satini huenda haina kosa. Lebo nyingi za aina hiyo huchapwa na mashine inayoyeyusha wino wa ribeni (utepe wenye wino) kwa joto na kuugandisha kwenye kitambaa, na ribeni hazifanani. Kuna ya nta, ya bei nafuu, iliyokusudiwa vibandiko vya karatasi kama vile vya bei dukani. Kuna ya rezini, yaani wino mgumu kama plastiki, ambayo ndiyo inayostahimili sabuni na maji moto. Nadhani ulichapiwa kwa nta, au kwa mchanganyiko wa nta na rezini. Ukirudi mjini usimuulize mchapaji kama wino wake ni mzuri. Nani atakuambia ni mbaya? Muulize anatumia ribeni gani, kisha umwombe vipande vitano ukajaribu kabla ya kutoa pesa.

Mimi hujaribu hivi: nashona lebo kwenye kipande cha kitambaa kile kile cha nguo, naloweka kwa maji moto na sabuni ya unga, nafikicha kwa vifundo vya vidole kama mama fua mwenye haraka, naanika juani, napiga pasi. Narudia mara tano. Mwisho nasugua maandishi kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kikichafuka, oda haipo.

Lebo ya kufumwa haina shida hiyo, kwa sababu herufi zenyewe ni uzi. Ila usiijaze maneno: herufi zikishuka chini ya milimita 2 hivi, hufungana na kuwa vidonge. Jina lako na saizi zinatosha.

Sasa shingo. Kinachomkuna mtoto mara nyingi ni ukingo wa lebo. Satini nyingi za lebo ni poliesta, na poliesta ikikatwa kwa kisu cha moto huyeyuka, ikipoa inaganda na kuwa ngumu kama ukucha. Pitisha ukingo huo polepole kwenye mdomo wako wa juu, utausikia mara moja. Lebo nyingi za kufumwa ni poliesta pia, kwa hiyo uliza zinakatwaje. Kukata kwa mashine ya mawimbi ya sauti huacha ukingo laini zaidi. Wengine watakuambia ukunje lebo katikati na kuficha ncha ndani ya mshono. Ni sawa, lakini mkunjo huficha ncha mbili tu. Kingo mbili za pembeni zinabaki zikigusa ngozi. Kwa magauni ya watoto ningeitoa lebo shingoni kabisa, niishone kwenye mshono wa ubavuni, chini ya kiuno. Saizi ipige chapa ya joto moja kwa moja kwenye kitambaa.

Mashati ya wakubwa yana mtego wake. Niliwahi kushona mashati 60 ya pamba ambayo sikuilowesha kabla ya kukata, na lebo za poliesta nikazizungushia mshono pande zote nne. Zilipendeza ajabu mpaka zilipofuliwa. Pamba ilirudi ikapungua, poliesta ikabaki vilevile, na shingo zote 60 zikajikunja kama mdomo wa kifuko kilichovutwa kamba. Mteja hakurudi. Siku hizi nalowesha kitambaa kwanza, na lebo naishika ncha mbili tu, kushoto na kulia.

Maelezo ya kufua yaende kwenye lebo ya pili, ya satini iliyochapwa kwa rezini, ubavuni. Weka alama tano zinazojulikana: beseni la kufulia, pembetatu ya jiki, mraba wa kukaushia, pasi, na duara la dobi wa kitaalamu. Nukta moja kwenye pasi ni joto la chini, mbili ni la wastani. Gauni la pamba lenye lesi ya nailoni lipe alama za nailoni, kwa sababu ndiyo itakayoungua kwanza.

Na hizo satini zilizobaki usizitupe. Toboa tundu pembeni, zitie uzi, zining'inize kwenye nguo mpya pamoja na bei. Mteja atazikata akifika nyumbani, na maji hayatazigusa.