Maswali ya Wasomaji: Viza Ipi kwa Safari Ipi?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu viza, na karibu zote zinagusa jambo moja: watu wanaichukulia viza kuwa ruhusa ya jumla ya kuwa ndani ya nchi fulani, ilhali kila viza hutolewa kwa shughuli maalumu, kwa muda maalumu, na mara nyingi kwa masharti ambayo hayakuandikwa kwenye stika yenyewe. Tumechagua barua tano.

Swali: Nimepata viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi, na tarehe zake zinaonyesha kuwa inatumika kwa mwaka mzima. Rafiki yangu anasema naweza kukaa huko mwaka wote, mradi nisifanye kazi. Je, ni kweli?
*Msafiri wa mara ya kwanza*

Jibu: Si kweli. Stika ya viza ina mambo mawili ambayo watu huyasoma kama jambo moja. Tarehe za kuanza na kuisha ni kipindi ambacho unaweza kuitumia viza hiyo kuingia na kuwa ndani ya eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja. Idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa imeandikwa kwenye kisanduku chake, na kwa viza ya muda mfupi haizidi 90. Siku hizo 90 nazo huhesabiwa ndani ya kipindi chochote cha siku 180, yaani kwa kila siku unayokuwa huko, afisa huhesabu siku 180 kurudi nyuma, hiyo ya leo ikiwamo, kisha hujumlisha siku zote ulizokuwa ndani. Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka pia inahesabiwa.

Tuchukue mfano. Mtu aliyeingia tarehe 1 Machi na kukaa mfululizo anapaswa kuwa ametoka ifikapo tarehe 29 Mei, na hawezi kurudi kabla ya tarehe 28 Agosti, hata kama viza yake bado ina miezi kadhaa. Kuhama kutoka Ufaransa kwenda Italia hakumsaidii, kwa kuwa nchi zote 29 za eneo hilo zinahesabiwa pamoja. Zamani wapo waliotegemea muhuri wa pasipoti uliofifia ili siku zao zisihesabike. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kuandikisha kwa kompyuta kuingia na kutoka kwa wageni, na kompyuta haikosei kujumlisha.

Usiichukue kanuni hiyo na kuipeleka kila mahali. Marekani, kwa mfano, tarehe iliyo kwenye viza inahusu tu siku ya kufika mpakani na kuomba kuingia, na muda wa kukaa hupangwa na afisa wa mpakani na kuingizwa katika kumbukumbu inayoitwa I-94. Anayefika siku chache kabla ya viza kuisha anaweza kupewa miezi sita kihalali, na mwenye viza ya miaka mingi anaweza kuvunja sheria kwa kupitiliza muda aliopewa na afisa. Baada ya kuingia, fungua kumbukumbu hiyo kwenye mtandao uisome mwenyewe.

Swali: Wakala amenitafutia kazi ya upishi hotelini nje ya nchi. Anataka nisafiri kwa viza ya utalii, akisema mwajiri atanibadilishia nikishafika. Pia ananidai fedha za cheti cha udhamini. Nifanyeje?
*Mpishi*

Jibu: Usisafiri kwanza, wala usilipe. Tunasema hivyo bila kuijua nchi unayokwenda, kwa sababu mpango wa namna hiyo humtwisha msafiri hatari yote huku wakala akibaki na fedha. Zipo nchi, Falme za Kiarabu zikiwamo, zinazoruhusu mgeni kubadilisha hadhi yake akiwa ndani. Zipo nyingine, kama Uingereza, ambazo haziruhusu aliyeingia kwa viza ya matembezi kuhamia viza ya kazi hadi atoke na kuomba akiwa nje. Hata pale panaporuhusiwa, kuanza kazi kabla mabadiliko hayajakamilika ni kosa, na katika siku hizo za katikati mfanyakazi hana mkataba unaotambulika, hana pa kudai mshahara, na anaogopa kwenda polisi.

Njia ya kawaida ya viza ya kazi huanzia kwa mwajiri. Uingereza, mwajiri sharti awe na leseni ya kudhamini wageni, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali, kwa hiyo jina la hoteli hiyo unaweza kulitafuta leo hii. Cheti cha udhamini cha huko si karatasi yenye mhuri ya kukabidhiwa na wakala: ni kumbukumbu ya kielektroniki yenye namba, na mwajiri haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi ada yake. Japani, mwajiri au mwakilishi wako huko kwa kawaida hukuombea kwanza hati ya kustahili kutoka uhamiaji, nawe ndipo unapokwenda nayo ubalozini. Marekani, kwa viza ya H-1B, mwajiri ndiye anayepeleka ombi, nafasi kwa mwaka ni 85,000 kwa waajiri wengi wa kawaida, na waombaji wakizidi hupigwa kura. Viza hiyo ni ya kazi zinazohitaji shahada, kwa hiyo wakala anayemwahidi mpishi H-1B ya mwezi ujao anamdanganya mara mbili.

Kuhusu fedha, Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale serikali ilipoweka msamaha maalumu. Mkataba huo unazibana nchi zilizouridhia tu, lakini ni kipimo kizuri cha kumpimia mtu anayekudai. Mwambie akuletee mkataba wa kazi uliosainiwa na mwajiri, akutajie aina ya viza kwa jina lake kamili, kisha linganisha jina la mwajiri lililo kwenye mkataba na lile litakaloandikwa kwenye ombi la viza. Majina yakipishana, hata kwa kisingizio cha kampuni dada, ujue unaweza kufikishwa kwa mtu ambaye kisheria si mwajiri wako.

Swali ambalo hukuliuliza nalo lina uzito: itakuwaje kazi ikikatika? Viza nyingi za kazi zimefungwa kwa mwajiri mmoja. Uingereza, udhamini ukikoma, mfanyakazi kwa kawaida hubakiwa na siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka, na H-1B ya Marekani nayo ina kipindi cha hadi siku 60. Katika nchi za Ghuba, utaratibu wa udhamini uitwao kafala kwa miaka mingi ulimfanya mfanyakazi asiweze kuhama bila ridhaa ya mwajiri. Qatar iliondoa sharti hilo kwa sheria ya mwaka 2020, ila nchi hazilingani, na kilichoandikwa na kinachotendeka navyo havilingani daima. Popote uendapo, pasipoti yako ikae kwako.

Swali: Nitabadilisha ndege mara mbili njiani bila kutoka uwanjani. Je, nahitaji viza ya mapito?
*Mwanafunzi*

Jibu: Inategemea pasipoti yako na viwanja vyenyewe. Marekani haina eneo la mapito kwa abiria wa kimataifa: kila anayetua hupita uhamiaji, hivyo anahitaji viza au idhini ya kielektroniki kwa wanaosamehewa viza. Ndani ya Schengen, ukitua uwanja mmoja ukaendelea na safari kwenda nje ya eneo hilo, raia wa baadhi ya nchi huhitaji viza ya mapito ya uwanjani na wengine hawahitaji. Lakini ukitua Frankfurt kisha ukapanda ndege ya Madrid ili kuunganisha safari yako, hiyo ya pili ni safari ya ndani, umeshaingia Schengen, na viza ya mapito ya uwanjani haitoshi. Angalia pia kama tiketi zako ni mbili tofauti, kwa kuwa kuchukua mzigo na kuukabidhi upya mara nyingi hukulazimisha kuvuka dawati la uhamiaji.

Swali: Ninafanya kazi kwa kompyuta kwa kampuni ya nyumbani. Nikienda kutalii miezi miwili na kuendelea na kazi yangu, je, nitakuwa nimevunja sheria?
*Mtunza hesabu*

Jibu: Hapa sheria za nchi nyingi zimechelewa kuufuata mwenendo wa watu. Nyingine hukataza kazi ya aina yoyote kwa mwenye viza ya utalii, bila kujali anayelipa yuko wapi. Uingereza, tangu tarehe 31 Januari 2024, kanuni zinamruhusu mgeni kufanya kazi yake ya nje akiwa huko, mradi kazi hiyo isiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Nchi nyingine zimetunga viza maalumu kwa wafanyakazi wa mbali: Estonia ilianza mwaka 2020, Croatia ikafuata mwaka 2021, kisha Ureno mwaka 2022. Viza hizo hudai uthibitisho wa kipato na bima ya afya, na kwa mtu wa miezi miwili usumbufu wake unaweza kuzidi faida. Ukipanga kukaa muda mrefu zaidi, uliza pia kuhusu kodi, maana nchi nyingi humhesabu aliyekaa zaidi ya siku 183 kwa mwaka kuwa mkaazi wa kulipa kodi.

Swali: Nilinyimwa viza ya matembezi ya Marekani na kupewa karatasi iliyotaja kifungu 214(b). Benki nilikuwa na fedha za kutosha. Nikate rufaa?
*Mfanyabiashara*

Jibu: Uamuzi huo hauna rufaa, lakini si marufuku ya kudumu, na unaweza kuomba tena wakati wowote kwa kulipa ada upya. Kifungu hicho kinamchukulia mwombaji kuwa anakusudia kuhamia mpaka yeye mwenyewe athibitishe kinyume chake. Fedha za benki zinajibu swali la nani atalipia safari tu. Swali la kwa nini utarudi linajibiwa na biashara inayoendelea, familia, mali, na safari za nyuma ulizorudi kwa wakati. Akaunti iliyotuna ghafla wiki mbili kabla ya mahojiano huleta shaka kuliko salio dogo lenye mzunguko wa kueleweka. Ukiomba tena bila chochote kubadilika katika maisha yako au katika maelezo yako, usishangae ukipata jibu lile lile.

Schengen ni tofauti: unaponyimwa hupewa fomu yenye sababu zilizotajwa, na unayo haki ya kukata rufaa kwa taratibu za nchi iliyokunyima. Hapo soma sababu iliyowekewa alama kabla ya kuandika neno lolote, ujibu hiyo na si nyingine.

Fomu ya ombi lijalo itakuuliza kama umewahi kunyimwa viza. Andika ndiyo, pamoja na mwaka. Kunyimwa kunasameheka, lakini udanganyifu katika ombi unaweza kumfungia mtu mlango wa Marekani maisha yake yote, na Uingereza unaweza kumletea marufuku ya hadi miaka 10.