Mkuu, juisi ya majani mabichi iache, mboga iive kwanza

Mkuu, hiyo glasi ya kesho asubuhi usiisage. Umeandika kwamba tumbo linajaa gesi kila ukila, kuna mtu kakuambia mboga za kupikwa "zimekufa", na kesho unaanza mpango wa siku 21: alfajiri glasi ya mchicha na kabichi mbichi vilivyosagwa, tumbo likiwa tupu, na jioni sahani ya kachumbari badala ya ugali. Mpango huo nimeupitia mwenyewe mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo sizunguki.

Kinachoumiza zaidi kwenye mipango hii ni ile amri ya kuongeza kipimo pale tumbo linapouma. Ukilalamika, unajibiwa kwamba gesi ni sumu zinatoka, vumilia, ongeza glasi ya pili. Ni uongo, na unaniudhi mno kwa sababu anayeusema anapokea hela kwa mtu anayejikunja kitandani. Tumbo kujaa gesi hakuna sumu yoyote inayotoka. Kabichi, maharage na kunde vina sukari iitwayo rafinosi, na utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja. Sukari hiyo inapita nzima mpaka utumbo mpana, bakteria wa kule wanaichachusha kama togwa inavyochachuka kwenye ndoo, na gesi inazalishwa. Mwenye tumbo gumu anajamba na siku inaendelea. Mwenye tumbo jepesi kama lako anausikia kila msukumo wa ile gesi kama kisu. Ukiongeza glasi umeongeza sukari ya kuchachuka, basi.

Na usidanganyike kwamba blenda imeshakusaidia kazi. Blenda inakata majani, lakini ile sukari haiiondoi. Mbaya zaidi, inakuwezesha kumeza kwa dakika mbili mafungu matatu ya mboga ambayo ungeyatafuna nusu saa na kushiba kabla hujayamaliza. Mchicha mbichi una oksaleti nyingi, yaani kemikali inayoweza kuganda kuwa mawe ya figo, na kuunywa hivyo kila siku ni kuzielekeza kwenye figo, hasa kwa mtu aliyewahi kuwa na mawe ya figo. Ukiuchemsha na kumwaga maji, sehemu kubwa ya oksaleti inaondoka na yale maji.

Mkuu, kama kwenye huo mpango kuna kisamvu, hapo sibembelezi: kisamvu kibichi hakinywewi. Najua watu wanakisaga na kukinywa eti kuongeza damu. Majani ya muhogo yana sianidi. Yanatwangwa mpaka yalainike kabisa, yanachemshwa sufuria ikiwa wazi nusu saa au zaidi ili ile sumu itoke na mvuke, ndipo unaunga nazi au karanga.

Sasa kanuni yangu ni moja: kwa tumbo lako mboga iive mpaka shina libonyeke kati ya kidole gumba na cha shahada bila kutumia kucha, na kibichi kirudi baadaye kwa kijiko. Moto unalegeza kuta za mboga na kuyeyusha gundi inayozishikilia, kwa hiyo tumbo linapokea kitu ambacho kazi yake imeshafanywa nusu.

Kabichi kata robo, toa kile kisiki cha katikati na ukitupe, chambua majani membamba. Tumbukiza kwenye maji mengi yanayochemka kwa dakika tano, mwaga maji yote. Usiyafanye supu, maana sehemu ya rafinosi imo humo. Kisha kaanga kwa mafuta kidogo na nyanya, funika, moto mdogo dakika kumi na tano. Kula nusu kikombe cha chai kwa mlo, usizidishe.

Majani ya maboga ndiyo yanayoharibiwa zaidi kwa uvivu. Vunja ncha ya shina kwa kucha lakini usilikate kabisa, shika ile ngozi yenye nywele, ivute polepole iteremke mpaka kwenye jani. Utaona uzi mrefu mweupe umetoka. Geuza shina, vuta upande wa pili. Ule uzi hauivi hata ukipika saa nzima, unaingia tumboni kama ulivyo. Jani likikomaa mpaka linakwaruza mkono, litupe. Majani ya kunde yakiwa machanga dakika kumi na tano zinatosha, yaliyokomaa achana nayo kwa sasa. Mchicha na chainizi toa mashina magumu, osha kabla ya kukata, dakika tano hadi saba. Karoti menya, kata vipande vya nusu sentimita, chemsha mpaka uma upenye bila kusukuma, malizia na kijiko cha mafuta ya alizeti. Mafuta hayo yana maana: vitamini A ya karoti inafyonzwa vizuri zaidi ikiwa imeiva na ina mafuta.

Mlenda ndio rafiki yako, na hapa Dodoma tunaudharau kwa sababu tumeuzoea. Ute wake ni nyuzinyuzi laini zinazoyeyuka, zinateleza na kulainisha choo bila kukwaruza. Uwe mbichi wa masika au mkavu wa kiangazi, sawa, ila mkavu uoshe mara tatu maana una mchanga. Karanga za kusaga weka vijiko viwili vya chakula kwa sufuria ndogo, siyo kikombe, kwa sababu mafuta mengi yanachelewesha chakula kutoka tumboni. Magadi chembe tu, na mwenye presha ayaache kabisa kwa sababu ni sodiamu.

Kitunguu ni kesi yake. Kina fruktani, sukari nyingine ya jamii hiyo hiyo, na kukipika hakuiondoi. Lakini fruktani inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo kata kitunguu vipande vikubwa, kaanga kwenye mafuta mpaka kinukie, kitoe chote, ndipo uweke nyanya na maji. Ukikiacha mpaka maji yaingie umechelewa, imeshahamia kwenye mchuzi. Kitunguu saumu vivyo hivyo. Majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani peke yake, hayana shida hiyo.

Watakuambia moto unaua vitamini. Vitamini C ndiyo, inapungua kwa moto na kwa maji unayomwaga. Basi ichukue pengine: papai, chungwa, au kijiko kimoja cha unga wa ubuyu kwenye maji, na mibuyu imetujaa huku. Hakuna haja ya kulipia vitamini C kwa usiku wa maumivu.

Wiki mbili za kwanza kila kitu kiive. Tumbo likitulia, anza na tango: menya, toa mbegu, vijiko viwili mchana. Usiku hapana, kwa sababu ukila saa mbili usiku gesi inaweza kukukuta saa nane umelala. Subiri siku tatu. Hakuna shida, leta karoti ya kukwaruza vijiko viwili, tena siku tatu. Nyanya baada ya hapo, ila kwanza izamishe dakika moja kwenye maji ya moto ganda livuke, kamua mbegu. Kabichi mbichi iwe ya mwisho kabisa, na kwa wengine hairudi. Ukirudisha vitu vitatu siku moja na tumbo likachafuka, hutajua mkosaji ni nani.

Kibichi chochote hicho kioshwe kwa maji safi yanayotiririka, tena kiwe umekimenya mwenyewe. Kachumbari ya mezani kwenye mgahawa iliyokaa tangu asubuhi iache. Bustani zetu za kiangazi zinamwagiliwa maji ambayo huyajui yametoka wapi, na limau halioshi taifodi.

Halafu maharage unayokula kila mchana hujayataja kama tatizo, umeilaumu mboga. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, anza na vijiko vitatu.

Ukiona damu au choo cheusi kama lami, unakonda bila kujua sababu, unatapika au maumivu yanakuamsha usiku, acha kusoma majibu yetu nenda hospitali. Na dawa ulizoandikiwa usiziache kwa sababu mpango wa siku 21 umesema uziache.

Kesho ukipita soko la Majengo chukua fungu moja la mchicha mchanga, mlenda kidogo na karoti mbili. Kabichi ipite tu.