Geini Ikishawekwa, Mkono Uondoke

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja, fundi kijana wa sauti, akiuliza kwa nini monita zake, yaani spika au vipokea sauti ambavyo wanamuziki hujisikilizia jukwaani, huwa tulivu kabisa wakati wa majaribio, kisha huanza kupiga mluzi katikati ya onyesho, ilhali, kwa maneno yake mwenyewe, hajagusa kitu chochote cha monita. Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe mbele ya watu waliokuwa wakinitazama kwa hasira, na niliyasema nikiamini kwamba ninasema kweli.

Ilikuwa miaka sita iliyopita. Nilikabidhiwa tamasha ambalo sauti ya ukumbini na sauti ya jukwaani zote zilitoka katika mikseta moja ya kidijitali, meza ya kuchanganya sauti, nami peke yangu nikiwa fundi wa pande zote mbili. Majaribio yalikwenda vizuri. Mwimbaji mkuu aliimba kwa nguvu, akanionyesha kidole juu kwa ajili ya sauti yake na kidole chini kwa ajili ya kinanda, nami nikamtengenezea mchanganyiko uliompendeza. Usiku, alipofika kwenye wimbo wa taratibu, alishusha sauti ikawa karibu na mnong'ono na kuisogeza maikrofoni mbali na mdomo. Ukumbini maneno yakapotea. Mratibu wa tamasha akaja, akanigonga begani na kusema kwamba mwimbaji hasikiki.

Feida ya chaneli yake, yaani kitelezi kinachopandisha na kushusha sauti ya maikrofoni yake, ilikuwa karibu na mwisho wa juu, kwa hiyo nikafanya jambo lililoonekana la kawaida kabisa: nikaongeza geini, nguvu inayopewa sauti ya maikrofoni pale inapoingia katika mikseta. Nikazungusha kidogo, nikasikiliza, nikazungusha tena, mpaka nilipotazama kioo cha mikseta nikaona nimepanda desibeli 8. Hapo monita ya mwimbaji ikaanza kulia, mlio mwembamba uliokuwa ukipanda polepole kisha ukajaa ukumbi mzima. Mpiga dramu alivuta vipokea sauti kutoka masikioni kwa mikono yote miwili. Mwimbaji aliirudisha maikrofoni kwenye stendi kwa utaratibu, bila hasira yoyote ya kuonekana, akatembea hadi nyuma ya pazia. Mratibu alinigeukia akasema, watu wakisikia, kwamba mimi sijui kazi. Nilimjibu kwamba sikugusa monita. Hawakuniita tena, na nakiri kwamba kauli ile bado inaniuma, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi hiyo miaka minne na sikustahili kuhukumiwa kwa sekunde kumi.

Sasa nimweleze msomaji wangu kilichotokea, kwa kuwa ndicho kinachotokea kwake. Geini hukaa mwanzoni kabisa mwa safari ya sauti, mahali ambapo maikrofoni inaingia, kabla sauti haijagawanywa. Mikseta kama Behringer X32 inaweza kupokea maikrofoni 32 moja kwa moja na kutoa michanganyiko 16 tofauti, lakini kila maikrofoni ina geini moja tu, na michanganyiko yote hunywa kutoka kisima hicho kimoja. Nilipoongeza desibeli 8 kwa ajili ya ukumbi, nilimwongezea desibeli 8 mwimbaji, mpiga dramu, mpiga besi na kila mtu aliyekuwa na sauti ile katika monita yake. Monita ambayo wakati wa majaribio ilikuwa imebakiwa na nafasi ya desibeli 4 au 5 kabla ya kuanza kulia haiwezi kuvumilia nyongeza ya namna hiyo. Kwa hiyo ni kweli kwamba kijana huyu hakugusa kitufe cha monita. Aligusa geini.

Kanuni yangu tangu siku ile ni kwamba geini huwekwa wakati wa majaribio, na mwanamuziki wa kwanza akishaanza kutengenezewa monita, mkono unaondoka hapo. Ukumbi ukihitaji zaidi, tumia feida. Ili feida isikuishie kama ilivyoniishia mimi, panga geini huku feida ikiwa karibu na alama ya sifuri, mahali ambapo haiongezi wala haipunguzi sauti, na usimpangie mwimbaji geini kwa wimbo wake wa kelele pekee. Mwombe aimbe pia sehemu yake laini kuliko zote. Mafundi wengi huona haya kumwomba mwimbaji mashuhuri arudie. Ombeni, ndugu zangu, kwa sababu baadaye atakayeaibika si yeye.

Jambo lililobadilisha kazi yangu zaidi ni kuigawa sauti ya mwimbaji katika chaneli mbili. Mikseta za kidijitali nyingi huruhusu maikrofoni moja kuingia katika chaneli mbili kwa wakati mmoja: ya kwanza naifanya ya ukumbi, ya pili ya monita pekee. Geini bado ni moja, kwa hiyo kanuni haibadiliki, lakini kila chaneli sasa ina ekwalaiza yake, ya kurekebisha sauti nene na nyembamba, na kompresa yake, ya kubana sauti inapozidi nguvu. Chaneli ya ukumbi naibana kwa kompresa na kuifidia nguvu iliyopotea, hivyo mnong'ono unasikika mpaka safu ya mwisho. Chaneli ya monita siiwekei kompresa hata kidogo, kwa kuwa kompresa ikilegea mwimbaji anaponyamaza, monita husogea tena kuelekea kwenye mluzi, na mwimbaji anayebanwa sauti yake masikioni mwake mwenyewe hujikuta anapiga kelele bila kujua sababu. Michanganyiko yote ya monita naichukulia kabla sauti haijafika kwenye feida, ili nikicheza na feida za ukumbi, jukwaani pasitikisike kitu.

Jihadhari pia na mikseta yenyewe. Feida zilezile zinazoendesha ukumbi ndizo zinazogeuka kuwa feida za monita unapobonyeza kitufe cha kuhamia huko, na nimewashuhudia mafundi wazuri wakimwinulia mpiga gitaa sauti jukwaani huku wakidhani wanauinulia ukumbi. Kabla ya kugusa feida mimi hutazama kwanza kitufe kipi kinawaka, kila mara, hata kama ni mara mia kwa usiku mmoja.

Mengine ni mafupi. Maikrofoni ya Shure SM58 haisikii sana kutoka nyuma yake, kwa hiyo monita ikae mbele ya mwimbaji moja kwa moja. Nyingine, Shure Beta 58A, ina masikio madogo nyuma pia, hivyo monita isogezwe pembeni kidogo. Mwanamuziki akiomba kuongezewa, jaribu kwanza kumpunguzia kinachomfunika. Tena narudia: usiongeze geini.

Mwezi uliopita nilikutana tena na mwimbaji yule, katika tamasha jingine, sijui kama alinikumbuka. Nilimwomba aimbe ubeti wake wa taratibu wakati wa majaribio, akaniangalia kidogo, akaimba. Nikampa sauti yake na kinanda peke yake katika monita, nikaweka geini, nikaondoa mkono. Wimbo ule ulipofika usiku, aliisogeza maikrofoni mbali kama zamani, nami niliinua feida ya ukumbi kwa kidole kimoja huku macho yangu yakiwa kwake. Hakuonyesha kidole juu wala chini. Alipomaliza alipita karibu na meza yangu akaniambia, "Kaka, leo nimejisikia."